Maharage ya Siku ya Safari

"Watu wanane!" Muuguzi alivuta zipu ya begi kwa hasira utadhani ndilo lililowaalika. "Treni inaondoka saa nne, na wewe umekaribisha watu wanane saa saba?"

"Niliwaambia tangu mwezi uliopita," alijitetea mumewe, fundi wa lifti. "Kila sikukuu wanakula hapa. Ningewaambiaje wasije?"

"Kwa mdomo uleule uliowaita."

Walikuwa na miaka minne ugenini, na kila sikukuu wimbo ulikuwa mmoja. Rafiki za mumewe walikuja na soda mbili na njaa ya kijiji kizima, wakamwita shemeji, wakamsifu mpaka basi, wakaondoka. Yeye akabaki na masufuria. Lile ziwa ambalo wagonjwa wodini walimsimulia kila siku, mwendo wa saa mbili tu, hakuwahi kuliona. Safari hii aliomba likizo mapema, akakata tiketi mbili, akakodi chumba chenye roshani. Leo ikipita, ni mpaka mwakani, na mwakani nako kuna sikukuu.

"Basi nenda wewe, mimi nibaki niwapikie."

"Wewe uliyechemsha mayai mpaka yakalipuka?"

"Mara moja tu, bibie!"

"Majirani bado wanaulizia."

Fundi akaenda jikoni kunywa maji apoe. Alirudi ameshika kifuniko cha sufuria kubwa, uso umemjaa ushindi.

"Haya, mama safari. Haya maharage kilo mbili kaloweka nani?"

Muuguzi akachungulia jikoni. Alikuwa yeye. Jana, alipotoka kazini, hata viatu hajavua, hata habari ya wageni hajaisikia, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la maharage kwa sababu kesho yake ni sikukuu. Tiketi kakata yeye, maharage kaloweka yeye. Kweli mazoea yana taabu.

"Ni huu mkono," alisema.

"Ehe! Na huo mkono ni wa nani?"

Alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka. Walicheka wote wawili, fundi akijifutia machozi kwa kitambaa cha vyombo. Kisha mkewe akatazama saa. Saa tatu na robo.

"Mpigie kinyozi." Kinyozi alikuwa mmoja wa wale wanane, na alikaa ghorofa ya chini. Fundi akapiga, mkewe akampokonya simu.

"Shemeji!" kinyozi aliitika. "Sisi tangu jana hatujala, tunakusubiri wewe tu."

"Vizuri. Mtakula mkishapika. Kwako."

Kinyozi akacheka.

"Shemeji, unatutania."

"Sitanii. Anayenyoa ndevu bila kukata shingo hashindwi na kitunguu. Nakuletea maharage, yameshalowekwa. Wenzako waambie waje huko."

Kinyozi akauliza kwa sauti ya mtoto wa shule: "Na chumvi tunatia saa ngapi?"

"Yakishalainika. Ukiwahi, mtatafuna kokoto."

Akakata simu, akabeba sufuria kwa mikono miwili, mumewe akabeba begi. Walishuka ngazi, maji yakimwagikia viatu. Kinyozi alifungua mlango kabla hawajabisha, keshavaa aproni ya kazini.

"Sufuria yangu naitaka imesuguliwa," muuguzi alimwambia, akamkabidhi.

Kisha akageuka, akashika vitenge vyake, akatimua mbio kuelekea stesheni.

"Ngoja, mke wangu!" fundi alilia nyuma na begi lake.

"Itangoja treni?"

Akakaza mwendo.