Mgeni Haanzi na Shoka

"Dada, mgeni haanzi na shoka," mdogo wake alimwonya. "Shoka ni zito. Kabla hujalinyanyua, adui ameshakuchoma. Chukua mkuki, ujifunze kwanza kukaa mbali na kifo."

"Mkuki sijawahi kuushika maishani," alijibu dada mtu. "Shoka nashika kila siku ya Mungu."

Alikuwa muuza nyama, mwanamke wa mifupa mikubwa, na mtaa mzima ulimwita Bi Gogo kwa sababu ya gogo la kukatia nyama ambalo hakumruhusu mtu mwingine aliguse. Akachagua shoka. Hakufika hata darajani. Mbwamwitu walichomoka vichakani, mmoja akamdaka koo, na kioo cha televisheni kikajaa wekundu. Mdogo wake alicheka pale kochini mpaka akalia kwa maumivu, maana mbavu zake nazo zilikuwa zimevunjika, na mikono yote miwili ilikuwa ndani ya plasta mpaka juu ya viwiko.

Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu atoke hospitali. Ndiyo maana Bi Gogo, ambaye hadi siku hiyo aliuona mchezo huo wa video kama upuuzi wa watu wasio na kazi, akasema, "Haya, nirudishe tena."

Mdogo mtu alikuwa fundi simu. Jioni akifunga kibanda alicheza mchezo wake wa nchi ya majitu na wachawi, akajirekodi na kuweka mtandaoni ushauri kwa wanaoanza: wapi pa kujificha, nani wa kumwamini, lini ukimbie. Watazamaji wake walimwita Mwalimu. Kisha siku moja mvua ikamkuta njiani. Alikuwa na kompyuta ya mteja, akaificha chini ya shati isilowe, akatoka mbio. Mtu akapiga kelele: "Mwizi!"

Hakuna aliyemuuliza jina. Walimwangusha kwa tofali, wakamkanyaga usoni, na mmoja wao akasema ivunjwe hiyo mikono inayoiba. Wakaiweka juu ya ukingo wa mtaro wakaipiga kwa nondo, mmoja baada ya mwingine. Aliyemwokoa ni dereva wa lori la maji aliyeuingilia ule umati na gari lake huku akipiga honi, wakatawanyika kama inzi.

Mama yao alipofariki hakuwa na kitu cha kuwarithisha. Alimwachia kila mmoja mwenzake. Basi wakakubaliana: dada atacheza, mdogo ataongea, na Mwalimu ataendelea kufundisha. Mwanafunzi sasa alikuwa mgeni wa kweli, na makosa yake yalikuwa somo tosha.

"Usinywe dawa kwa kila mkwaruzo. Itakwisha, na jitu bado hujakutana nalo."

"Naumwa!"

"Huumwi wewe, anaumwa yule. Kunja goti. Muache apige kwanza, akichoka ndio umpe. Sasa! Mpe!"

Alimpa. Alilipasua jitu kuanzia begani hadi kiunoni, akaendelea kulikata hata lilipoanguka, akikata pale pale kwenye viungo kama anavyokata ng'ombe. Watazamaji walifurahi sana. Mwalimu aligeuza macho pembeni.

Siku waliyofika kijijini mle mchezoni, alimpa onyo moja tu. "Hapa mwanakijiji haguswi. Hata akikutukana. Ukimgusa mmoja, wamekuja wote."

Lakini mfanyabiashara mmoja pale sokoni alimsukuma, akamwita mwizi. Yalikuwa maneno ya mchezo tu. Alimwambia hivyo kila mgeni aliyepita karibu na meza yake. Bi Gogo hakujua shoka limeshukaje. Kichwa cha yule mtu kilibiringika kati ya vikapu. Wakaja walinzi, akawakata. Akaja mwashi na nyundo, akaja mwanamke na mchi, wakaja wengine nyuma yao na marungu, na kadiri alivyoua ndivyo walivyoongezeka. Hatimaye wakamwangusha. Na walipomwangusha hawakuacha. Walimzunguka wakawa wanapiga, mikono ikipanda na kushuka, huku yeye amelala kifudifudi kwenye matope.

"Zima," mdogo wake alisema.

Aligeuka kumtazama. Amefumba macho, jasho linamtiririka mpaka kwenye plasta.

"Dada, zima!"

Aliuchomoa waya ukutani. Akakaa sakafuni kando ya kochi, akamshika mguu, maana hapakuwa na mkono wa kushika.

Yapata wiki moja baadaye, asubuhi, aliingia buchani mtu mmoja mwenye ovaroli ya madoa ya rangi. Alikuwa muuza rangi wa barabara ya juu, si mteja wake wa kila siku. Aliagiza mbavu. Wakati Bi Gogo anapasua, yule bwana akawa anapiga soga na mteja mwingine habari za wezi walivyozidi.

"Kule kwetu wameshika adabu," alisema. "Siku ile ya mvua nilimwona mmoja anakata mbuga, kitu kakificha shatini. Mimi ndiye niliyepiga kelele. We acha! Walimvunja mikono yote. Simu za watu hatashika tena."

Shoka lilisimama hewani. Bi Gogo alisikia masikio yakimvuma kama mashine ya kusaga.

Alimvuta kola kupitia juu ya meza, akamgonga uso kwenye gogo mpaka pua ikapasuka, akautandaza mkono wake wa kulia palepale penye mafuta na vipande vya mfupa. Yule bwana alilia kama mbuzi. Bi Gogo akaligeuza shoka upande wa kisogo, akalishusha. Vidole viliitika kwa mlio alioufahamu sana, mlio wa shingo za kuku. Mteja mwingine alikuwa ameshatimua mbio.

Alipolinyanyua shoka tena, muuza rangi alijichomoa akatoka nje, damu imemtapakaa kifuani, akikimbia bila kujua aendako. Bi Gogo akamfuata na shoka mkononi.

Na mtaa ukaona nini? Ukaona mwanaume anakimbia kutoka dukani, na mwenye duka anamfukuza.

"Mwizi!" mtu akapaza sauti.

Walitoka kwa kinyozi, kwa fundi baiskeli, kwa muuza mkaa. Walimpiga mtama, akaanguka, wakamfunika. Bi Gogo alisimama. Ukweli lazima usemwe: alisimama akatazama, na moyo wake ukasema, acha wampe. Alisikia teke likizama tumboni mwa mtu. Alisikia yule bwana akiita mama yake. Kisha akamwona kinyozi, mtu mpole ambaye kila Jumamosi humuuliza hali ya mgonjwa, amebeba tofali zima juu ya kichwa kwa mikono miwili, anatafuta pa kulishushia.

"Si mwizi!" alipiga ukelele. "Mwacheni! Hakuiba!"

Nani asikie? Alimsukumia kinyozi mpini wa shoka kifuani, akamwangusha chali. Aliwachapa wengine kwa ule mpini, magotini, migongoni, akipita katikati yao kwa nguvu zake zote za kubeba mapaja ya ng'ombe. Jiwe likampata juu ya jicho, damu ikamziba. Alimpapasa muuza rangi chini, akamshika mkanda, akamburuta kama anavyoburuta mzoga, akamwingiza buchani na kuteremsha mlango wa chuma. Waliupiga mlango huo kwa mawe mpaka wakachoka.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya nyama. Muuza rangi alikuwa amejikunja chini ya ndoano, ameukumbatia mkono wake.

"Nimekukosea nini, mama?" aliuliza.

"Yule wa mvua ni mdogo wangu. Ni fundi simu. Ile ilikuwa kompyuta ya mteja."

Mtu yule aliutazama mkono wake. Kisha akatapika. Alipopata sauti alisema, "Nilimwona anakimbia."

"Na wewe ulikuwa unakimbia."

Polisi walipokuja, muuza rangi alisema majeraha yote aliyo nayo ni kazi ya umati. Bi Gogo akamkatiza: "Vidole ni mimi." Wakampeleka mahabusu na jicho lake limefungwa bendeji, na jirani mmoja akawa anakwenda kumlisha mdogo wake kwa kijiko.

Aliporudi nyumbani kwa dhamana kusubiri kesi, alimkuta mdogo wake ameshasikia yote mtaani. Hakumpa pole.

"Ungewaacha wammalize," alisema.

Bi Gogo alivua viatu, akakaa. "Niliwaacha."

"Si umemtoa?"

"Niliwaacha kwanza. Nilisimama nikatazama."

"Kwa muda gani?"

"Muda wa kuniogopesha, mdogo wangu. Yule kinyozi angelishusha tofali lile, kesho yake angekuja kukusalimia hapa kama kawaida. Na mimi ningemkaribisha."

Kijana aligeuza uso ukutani, mabega yakaanza kumtikisika. Hakumsamehe siku hiyo, wala ya pili yake. Alikula alicholishwa, akajibu alichoulizwa, basi.

Siku ya tatu, jua likiwa juu ya mabati, alisema bila kugeuka, "Dada. Nanihii, pananiwasha ndani ya plasta. Kushoto."

Bi Gogo akatafuta kijiti chembamba, akaja akapiga magoti kando ya kochi.

"Hapa?"

"Chini zaidi. Hapo. Polepole."