Tarehe ya Mwisho kwenye Tangi

Ulipita leo asubuhi ukijifanya unatafuta funguo mfukoni. Mama mdogo wa ghorofa ya nne alikuwa ameketi ngazini, ghorofa ya pili, ndoo tupu kando yake, ule mguu wenye chuma ndani ameunyoosha kama mpini wa ufagio. Ulimwona. Nilikuwa ngazi za juu, nikakuona ukimwona.

Basi nikukumbushe, maana kusahau ndiyo fani yako.

Bomba kuu lilipopasuka, tangi la uani lilikuwa na akiba ya ndoo sitini, na kila usiku maji ya kuchuruzika yanaongeza kumi na sita. Kaya nane, ndoo mbili mbili. Anayezidisha, kesho yake hachoti. Siku tisa hakuna aliyeiba hata kikombe. Usijisifu wema, kila mmoja alikuwa na kesho ya kupoteza. Na mwenye zamu ya kulinda tangi alimpandishia mama mdogo zake mbili mpaka ghorofa ya nne.

Kisha Mwenyekiti wa jengo, yule mwalimu mstaafu, akabandika karatasi ukutani: maji yatarudi tarehe thelathini, tuvumilie.

Nikamfuata na daftari.

"Mwalimu, shikamoo. Ibandue ile."

"Marahaba. Kwa nini? Mtu akiujua mwisho wa shida, anavumilia."

"Anzia huo mwisho urudi nyuma. Tarehe thelathini nikizidisha, utaninyima lini?"

Akakuna kidevu.

"Bomba limerudi, akiba haina kazi, adhabu haipo. Siku hiyo tutakomba wote. Sasa ishirini na tisa, nani ataogopa kunyimwa siku ambayo tangi linakombwa? Kila mtu atataka kuwahi. Ishirini na nane hivyo hivyo. Nimerudi siku moja moja mpaka leo, jibu halibadiliki."

"Umeishia darasa la saba, unanifundisha hesabu?"

"Na bado nimekuamkia."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Hawa ni majirani, bwana, si namba."

"Hata wenye zamu za geti mwaka ule walikuwa majirani. Uliandika zinakoma Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo geti lilikuwa wazi, hakuna mtu."

Hakubandua.

Tarehe ishirini na mbili fundi viatu wa chini alichota tatu. Akaambiwa kesho hapati. "Ninyimeni," akasema, "kwani mimi sijui kusoma ukutani?" Kesho yake wewe ulichota tano. Mimi nne, sifichi. Hesabu yangu mwenyewe iliniambia nisibaki mjinga peke yangu. Nne hizo nimegawana na mama mdogo, zimekwisha. Mlinzi wa zamu naye akaacha kulinda, amlindie nani. Kaya nyingine zikafuata, na jana tangi lilikauka. Zile kumi na sita za usiku wa kuamkia leo zilikwisha kabla hakujapambazuka, na mama mdogo akashuka mwenyewe kutafuta.

Nimetoka kuwauliza mafundi wa bomba. Wanasema tarehe hawajawahi kumpa mtu. Huenda keshokutwa, huenda mwezi ujao. Kwa hiyo kesho ya kupoteza bado ipo, ila ukuta unaikana.

Acha kusoma, shuka. Bandua ile karatasi kwa mkono wako, umgongee fundi viatu umwambie walichosema mafundi, kisha simama kwenye tangi, zamu ya kwanza ni yako. Maji yakiingia, chota mbili uzipandishe ghorofa ya nne kabla hujagusa zako. Nenda sasa hivi.