Mikeka Themanini ya Nyasi

Fundi wa nyasi alibisha geti saa moja na nusu asubuhi, akiwa peke yake. Mwenzake wa kazi, ambaye watu humwita Mrefu kwa sababu ni mfupi kuliko wote, alimshushia mzigo akakimbilia kwa daktari wa meno huku ameshika shavu. Mikeka themanini ya nyasi ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, imekunjwa, udongo wake ungali na unyevu wa shamba ilikokatwa alfajiri.

"Shikamoo, mama," alisema geti lilipofunguka, kabla hajainua uso.

"Marahaba," sauti ikajibu, kisha ikakatika.

Walitazamana. Aliyesimama mbele yake, mkono mmoja kwenye fimbo, alikuwa mama wa mwanamume aliyeachana naye miaka minane iliyopita. Nyumba hii fundi hakuijua. Familia ilikuwa imehama. Aliyeagiza nyasi kwa simu ni binti wa mama huyu, na aliyekuja kupima uwanja ni Mrefu. Hakuna aliyemtegea mwenzake. Milima ndiyo haikutani.

"Kumbe fundi ni wewe," mama alisema.

"Ni mimi. Kama itakuwa vigumu nampigia mwenzangu. Ila yeye ataweza kesho, na nyasi zikilala zimekunjwa zitajipika zenyewe kwa joto lake, zigeuke manjano."

Mama akaiangalia ile mikeka kwa muda. "Ingia, fundi. Nyasi hazina kosa."

Udongo ulikuwa umeshalimwa na kusawazishwa. Fundi alipitisha reki mara ya mwisho, akaokota vijiwe, akanyunyiza maji. Alianzia kwenye ukingo ulionyooka wa njia ya saruji: akakunjua mkeka wa kwanza, akaugonga kwa viganja mpaka ukakaa, wa pili akausukuma ubavuni mwake mpaka mshono ukapotea. Safu iliyofuata aliianza kwa nusu mkeka, ili maungio yasikutane, kama mwashi anavyopanga matofali. Barazani, mama alikuwa na gazeti. Kwa saa nzima halikufunguliwa ukurasa wa pili.

Kumwita "mama" hakukumgharimu fundi kitu. Wateja wote wa umri ule aliwaita hivyo. Na mama naye alishikilia "fundi" kama mtu anayeshika kikombe cha moto kwa kitambaa. Hivyo wangeweza kumaliza siku salama.

Lakini mikono ikizoea kazi, akili hupata nafasi ya kuzurura. Siku aliyoondoka nyumbani kwa mama huyu, alipakia nguo zake kwenye mabegi mawili huku mama yuko chumbani, mlango umefungwa, redio inaongea. Hakutoka kumuaga. Mume alikwishahamia kwa mwanamke mwingine. Hilo lilimuuma, likapoa. Ule mlango ndio uliobaki kama mwiba usioonekana, unaouhisi ukikanyaga vibaya tu.

Saa nne mama alishuka na jagi la maji, akakata njia moja kwa moja juu ya nyasi mbichi, fimbo ikizama.

"Mama, simama hapo hapo."

Mama alisimama.

"Bado hazijashika. Ukikanyaga unaacha mashimo. Rudi ulikotoka, halafu upite kwenye ubao niliolaza pale."

Katika miaka sita ya kuishi nyumba moja, hakuwahi kumwambia mkwewe hata neno "hapana". Mama alirudi kinyumenyume, akafuata ubao, akamfikia na jagi lake.

"Siku hizi una sauti," alisema.

"Kazi imenipa. Nikiwanyamazia wateja, wanakanyaga."

Mama akacheka puani, akapindua ndoo, akaikalia. Kuanzia hapo hakurudi barazani. Alishika ncha ya mkeka wakati fundi akiukata kwa kisu kuzunguka mfuniko wa chemba ya majitaka, akajaza udongo laini kwenye nyufa kwa vidole, taratibu.

"Nilikuwa nakusikia siku ile," alisema bila kuinua macho. "Ulifungua kabati la kati, lile lililokuwa likilia. Nikajua umefika kwenye masweta. Nikajua hurudi."

"Redio uliiongeza sauti."

"Niliiongeza. Ningetoka ningekuomba ubaki. Si kwa ajili ya mwanangu, yeye alishaamua lake. Kwa ajili yangu, nipate mtu wa kuongea naye jioni. Nikaona huo ni uchoyo. Nikajifungia."

"Mimi nikadhani umenichukia."

"Najua. Nikasema nitakupigia wiki ijayo. Wiki zikawa mwezi. Aibu ukiilea inakuwa mwenyeji."

Fundi aliweka kisu chini. Kwanza ilimjia hasira, maana mlango ungeweza kufunguliwa hata kwa dakika moja. Kisha akagundua jambo lililomshangaza: alishamsahau mume kitambo, hata sura yake ilimjia vipandevipande. Aliyekuwa akimkosa miaka yote ni huyu aliyekalia ndoo.

"Nisingebaki," alisema. "Lakini ungetoka hata kuniaga."

"Ni kweli. Ningetoka."

Fundi akaokota kisu chake. Ilibaki mikeka ishirini na moja, na jua lilikuwa linapanda.

Alasiri fundi alibingirisha pipa la maji juu ya uwanja mzima ili mizizi iguse udongo, kisha akafungulia mpira. Alimpa mama masharti: maji asubuhi na jioni, hakuna kukanyaga, na baada ya wiki mbili mtu atakuja kuvuta pembe za mikeka kuona kama nyasi zimeshika.

"Mtu gani?"

"Kwa kawaida ni Mrefu."

"Yule anaongea haraka. Simwelewi."

Fundi alikuwa anafunga reki na jembe pamoja kwa kamba. Akakaza fundo. "Basi nitakuja mimi."

"Uje na njaa, mwanangu," mama alisema, akaenda kufungua geti.

Siku ya tano simu iliita, ni mama: uyoga umeota karibu na ukuta, je, ni ugonjwa? Fundi alimwambia aung'oe tu, apunguze maji. Siku ya nane iliita tena. Wakaongea karibu nusu saa, kuhusu goti, na binti asiyetulia kazini, na sweta moja la kijivu lililosahaulika kwenye kabati la kati. Nyasi hazikutajwa.