Ufunguo wa Bsisa

Ufunguo alioushika baba haukuwa wa nyumba yetu. Ulikuwa mdogo, mwembamba, na kamba ya katani ilifungwa kichwani mwake. Mama alikuwa ameshakaa mkekani, bakuli la unga mapajani, pete yake ya ndoa imezikwa ndani ya unga huo pamoja na tende na lozi, mkono wa kulia ameunyoosha kuupokea. Akautazama ule ufunguo, kisha akamtazama baba.

"Huu ni wa ghala," akasema.

Baba akajibu kwamba ufunguo ni ufunguo. Alisema hivyo akiwa bado amesimama, birika la mafuta ya zeituni mkononi, na mimi niliyekuwa bintiye mkubwa, nimefikia umri wa kuozwa, nikajua papo hapo kwamba ana neno limemkaa kooni. Mtu aliyezaliwa Hara Ndogo, kijiji chetu kisiwani Jerba, hawezi kusema ufunguo ni ufunguo jioni ya kuandama kwa mwezi wa Nisani, mwezi wa Pasaka yetu.

Jioni ile kila nyumba ya Kiyahudi kisiwani ilikuwa ikifanya jambo moja. Ngano na shayiri zilikuwa zimekaangwa na kusagwa pamoja na shamari na giligilani, na unga huo ndio tuliouita bsisa. Baba wa nyumba humimina mafuta, mama wa nyumba hukoroga kwa ufunguo wa mlango mkubwa, na kila alalaye chini ya paa lile hutia kidole. Wakati mafuta yanashuka, baba huomba kwamba Yeye afunguaye bila ufunguo awafungulie waliomo humo mwaka wao. Wazee husema kuwa siku kama hiyo, huko jangwani, baba zetu waliotoka Misri walisimamisha hema la kwanza la ibada, na unga ule mkavu ni ukumbusho wa vumbi la kazi yao.

Mama hakuwa na habari sana na hema. Kwake bsisa ilikuwa siku ya ufunguo. Alipoletwa katika nyumba ile akiwa bibi harusi, miezi michache kabla ya Nisani, mama mkwe wake alimchukulia kama mgeni aliyekawia kuondoka. Ilipofika jioni ya bsisa, yule mama mzee akautoa ufunguo msumarini, akaushika kidogo, kisha badala ya kukoroga akampa yeye. Mama aliisimulia jioni hiyo mara nyingi kuliko alivyoisimulia harusi yake.

Baba naye alikuwa na hadithi yake, na aliisimulia kila mwaka kabla ya kumimina. Sisi ni watu wa ukoo wa makuhani, kama karibu watu wote wa Hara Ndogo. Inasemwa kwamba wazee wetu walikimbia Yerusalemu Hekalu likiwaka moto, wakabeba mlango wake mmoja hadi Jerba, nao uko chini ya kuta za sinagogi ya Ghriba, ingawa sijapata kukutana na mtu aliyeuona. Lakini hadithi aliyoipenda baba ilikuwa ya wale vijana wa kikuhani waliobaki. Moto ulipowazidi, walipanda darini wakiwa na funguo za Hekalu mikononi, wakamwambia Mungu kwamba wameshindwa kuitunza nyumba yake, azichukue mwenyewe. Wakazirusha juu. Ukatoka mkono mbinguni, ukazipokea.

Baba alikuwa akiishusha sauti hapo kwenye mkono. Na mama, bila kukosa, alikuwa akimjibu palepale: "Wanaume kwa kurusha funguo! Hata mmoja hakushuka kumuuliza mkewe?" Baba alicheka, sisi tukacheka, naye akaanza kumimina. Kwetu sisi watoto bsisa haikuwa bsisa bila maneno hayo mawili, la baba na la mama.

Mwaka ule hakusimulia. Alisimama tu na birika.

Mama akamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi. Baba akasema jino lake moja limelegea, ameupeleka kwa Fundi Bishi, mhunzi wetu. Kweli, msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu, na hakuna aliyekuwa ameona. Hayo yalikuwa majuma ya usafi wa Pasaka. Mama hakutoka nje hata kidogo, alikuwa juu ya ngazi na ndoo ya chokaa kutwa nzima, na usiku tulitia komeo kwa ndani. Nyumba yenye watu haihitaji ufunguo, ndiyo maana baba alidhani hautakumbukwa. Nadhani aliikumbuka Pasaka, akapanga mambo yake yote kwa kuizunguka Pasaka, na bsisa akaisahau, yeye aliyekuwa akiimimina kila mwaka.

"Basi Ghzala akauchukue," mama akasema, akinitazama mimi. "Jino likilegea bado linakoroga."

Baba akasema jua linazama. Mama akamjibu kwamba Bishi yuko pale kisimani, si Tunis. Baba akakaa chini. Angeweza kusema wakati ule, lakini akaanza kulifuta birika ambalo halikuwa na uchafu wowote.

Fundi Bishi alikuwa anafunga karakana yake. Akaniambia hana ufunguo wetu. Alikuwa nao, ndiyo, lakini aliyeuleta ni Si Ayub, yaani Bwana Ayub, yule mfumaji, alitaka uondolewe kutu, na ameshaurudisha kwake. Akanitazama, akafuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi. "Kwani nyie mmeshahama?" akauliza.

Mtu yeyote wa kisiwa kile anajua maana ya ufunguo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Karatasi huandikwa baadaye, na pengine zisiandikwe. Ufunguo ukikabidhiwa, nyumba imekwisha kukabidhiwa. Nilisimama pale nikihisi uso umeniwaka moto, kama kwamba mimi ndiye niliyeuza.

Si Ayub alikuwa Mwislamu wa kichochoro cha pili, mtu mpole wa mablanketi ya sufi, na tangu enzi za mama yake tulikuwa tukipeleka bakuli la bsisa kwao kila mwaka. Nilimkuta katika karakana yake, ile iliyochimbwa nusu ardhini ili nyuzi zisikauke. Nilipomwambia nimetumwa ufunguo, aliusimamisha mtambo wake.

"Mama yako hajui?"

Nikatikisa kichwa. Si Ayub akamwomba Mungu msamaha kwa sauti ndogo, akajipangusa nyuzi, akautoa ufunguo mfukoni. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Alisema ataupeleka mwenyewe, na wakati ule nilimchukia kwa hilo, nikaona anajifanya mwenye mali. Tulipofika katikati ya njia ndipo nilipoelewa kwamba hakutaka kunibebesha kitu kile.

Mama hakuwa ameondoka mkekani. Si Ayub alisimama nje ya kizingiti, akasalimu, akaushika ufunguo kwa mikono miwili. Ulikuwa umesuguliwa ukawa mweupe. Sikuwahi kuuona ule ufunguo ukiwa mweupe.

"Mama Ghzala," akasema, "mimi niliambiwa umeridhia. Nyumba ambayo mama yake hajaridhia, siiingii. Ufunguo huu hapa. Mimi na Baba Ghzala tutamalizana kiume."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamuuliza kama ameuza, akasema ameuza. Lini? Baada ya sikukuu ya Purimu, siku chache nyuma. Tunakwenda wapi? Kwa kaka yake, Netivot, nchi ya Israeli. Akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kupata wale wanaume kumi wanaotakiwa ili sala ifanyike siku za kazi ilikuwa imegeuka shughuli ya kugonga milango. Mkunga ameondoka. Vijana wameondoka. "Na huyu nitamwoza nani?" akasema, akinionyesha kwa kidevu. Alikuwa amepanga kumwambia mama Pasaka ikiisha, ili aisafishe nyumba kwa moyo mweupe.

"Yaani ulitaka nisugue nyumba ya watu," mama akasema.

Hakupandisha sauti. Mama alikuwa mtu wa kulia kwenye harusi na kwenye vitunguu, kwingine huko alikuwa mkavu. Akageuka, akautazama ukuta aliokuwa ameufikisha nusu kwa chokaa, halafu msumari, halafu mikono ya Si Ayub. Nasema wazi kwamba nilitaka auchukue. Nilimwomba Mungu auchukue ule ufunguo, autundike mahali pake, baba na Si Ayub wakamalizane huko wanakokujua. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu, na nyumba ingekuwa yetu tena.

"Ingia, Si Ayub," mama akasema. "Vua viatu, kaa."

Akaingia, akakaa. Mama akalitoa bakuli mapajani, akaichomoa pete yake kutoka ndani ya unga, akaivaa. Kisha akalisukuma bakuli mbele ya mgeni.

"Koroga."

Si Ayub akasema hapana, dada, hili ni jambo lenu. Mama akamwambia kwamba bsisa hukorogwa na mwenye nyumba. Mama mwenyewe akikoroga kwa ufunguo ule leo, atakuwa anaomba mlangoni pa mwingine huku akijiita mwenye nyumba, na ni uongo wa namna gani huo kumwambia Mungu usiku wa mwezi mpya? Mume wake ametoa neno mbele ya mtu mzima. Neno limeshatoka.

"Baba Ghzala," akasema, "mimina."

Sijawahi kuona adhabu kama ile, na mtu aliyeitoa hata hakukunja uso. Baba akainuka na birika lake. Akamimina ovyo, mafuta yakaenda kwenye unga, kwenye mkeka, kwenye mkono wa kanzu ya Si Ayub. Si Ayub akakoroga, ameinamisha macho, polepole, kama mtu anayemshika mtoto mchanga wa watu. Ilipofika zamu ya baba kuomba, sauti haikutoka. Basi mama akaomba. Nilikuwa sijapata kumsikia mwanamke akiiomba dua ile kwa sauti. Akaomba kwamba Ayub na mkewe na watoto wao wafunguliwe mwaka wao, mlango huu usiwafungie mgonjwa ndani wala mgeni nje. Si Ayub akasema amina, nasi tukasema.

Unga ulipokwisha kushikana, Si Ayub akamnyooshea mama ufunguo, umejaa unga, ili aufute kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Mama hakuupokea. Akavikunja vidole vya Si Ayub juu ya ule ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamgeukia baba.

"Makuhani wako waliona mkono tu," akasema. "Mimi walau naona na uso wa anayeupokea."

Kesho yake alipanda ngazi akaumalizia ukuta. Baba akamwambia basi, inatosha, wataupaka wenyewe. Akamjibu kwamba hajapata kumwachia mtu kazi nusu. Pasaka ile ilikuwa safi kuliko zote nizikumbukazo, na tuliila kimya. Kabla ya joto kali kuanza tulikuwa tumeondoka. Mke wa Si Ayub alikuja kutuaga na blanketi la sufi, wakakumbatiana na mama mlangoni kwa muda mrefu, na nje ya kizingiti ni mama aliyekuwa amesimama.

Netivot tulipewa nyumba ya zege yenye vyumba viwili na mlango wa bati. Ufunguo wake ulikuwa kipande bapa, chepesi, usingeweza kumfukuzia hata paka. Ilipoandama Nisani ya kwanza mama alikaanga ngano na shayiri kwenye jiko la mafuta ya taa, moshi ukawatoa majirani nje, na unga akausaga kwenye kinu cha kahawa cha kuazima. Unga ule ulikuja kuuziba ufunguo, tukashindwa kufungua mlango hadi baba alipouchokonoa kwa sindano yake ya usonara, kazi aliyotoka nayo Jerba. Lakini hayo yalikuwa ya kesho yake.

Jioni yenyewe tulikaa sakafuni kama zamani. Mama na bakuli, pete ndani ya unga. Baba na birika. Tangu Jerba alikuwa amepungua maneno. Hakuna aliyemkataza kusema. Mama alimpikia, alimfulia, alimcheka inapobidi, lakini baba alikuwa kama mpangaji anayeogopa kugusa vitu. Akafika pale ambapo kila mwaka hadithi huanzia. Tukamngoja. Mdogo wangu akaniminya goti. Baba akayatazama mafuta ndani ya birika, na nikaona kwamba hadithi ile hataisimulia tena, wala si kwa mwaka ule tu.

Mama akajisafisha koo. Akasema zamani Hekalu lilipowaka moto, vijana wa kikuhani walipanda darini na funguo mikononi. Alisimulia vibaya, aliruka mambo, alilisahau jina la mfalme aliyelichoma. Vijana wakaona kwamba hakuna la kufanya tena. Wakashuka, akasema, wakaenda majumbani mwao, wakawauliza wake zao.

Baba akainua uso.

Nikamuuliza mama wale wanawake walijibu nini.

"Walijibu, rusheni," akasema, huku ananyoosha mkono kuupokea ule ufunguo bapa. "Lakini waliulizwa."

Baba akampa. Kisha akainamisha birika, akaanza kumimina.