Dorra Aamua Kuchapa Mwenyewe

Mkunga Zohra aliingia dukani bila hata salamu, akaibwaga karatasi ya matangazo juu ya godoro la maonyesho.

"Nani kaweka namba yangu ya simu hapa?"

Dorra Sellami aliiokota. Kilikuwa kimoja cha vipeperushi ambavyo posta ya Sfax ilivisambaza majumbani juma lile, kutangaza duka la magodoro alilorithi pamoja na mdogo wake Mondher. Mpiga chapa alikuwa amezigeuza tarakimu mbili za mwisho.

"Tangu Jumatatu silali," mkunga akaendelea. "Jana mwanamume kaniuliza, 'Mnayo ya watu wawili?' Nikamjibu, mapacha hupangi wewe, hupanga Mungu!"

Mondher alicheka mpaka akakaa chini. Dorra naye alicheka, akamwomba radhi mkunga, akampa na mto mpya. Lakini mgeni alipoondoka, uso ulimbadilika. Mwaka uliopita vipeperushi vya msimu wa harusi vilichelewa hadi maharusi wakawa wameshalalia magodoro ya watu wengine.

"Tuwe na mashine yetu ya kuchapa," alisema.

"Dada, sisi wauza magodoro. Kesho utataka tufuge kondoo kwa kuwa tunahitaji sufu?"

"Kondoo hawajawahi kunichelewesha."

"Na Ami Taoufik utamwambia nini?"

Hapo ndipo palipouma. Mpiga chapa alikuwa ndugu wa marehemu baba yao, na kila karatasi ya duka lile ilitoka mikononi mwake.

Dorra hakutaka kushindana kwa maneno. Alikodi mashine kwa matangazo ya kiangazi, akaiweka ghalani. Asubuhi ya kwanza ilimeza karatasi na kuzitema zimekunjamana kama shuka za watoto watundu.

"Biashara imepanuka," Mondher alimtania akipita na chai. "Sasa tunauza na takataka."

"Weka chai hapo, uondoke na mdomo wako."

Kufikia adhuhuri alikuwa ameizoea. Mitaa ya ndani ya ukuta wa mji mkongwe, wanakokaa wazee wengi, aliichapia habari za magodoro magumu yanayopumzisha mgongo. Nyumba mpya za barabara ya Gremda akazichapia za maharusi. Bandarini walipomwambia kwamba shehena ya vitanda imekwama, aliviondoa kwenye tangazo palepale, kabla halijaenda posta.

Juma lililofuata bibi mmoja aliingia na karatasi mkononi.

"Yuko wapi aliyeniandikia kuhusu mgongo wangu?"

Mondher akamwita dada yake.

Hata hivyo, Dorra hakujidanganya. Kukunja karatasi kuliwatesa wauzaji wote wa duka; wateja walisubiri huku wauzaji hao wakihangaika na mikunjo. Na kile kitabu kinene cha bidhaa cha majira ya baridi mashine ile isingekiweza. Alipima, akaamua, kisha akaenda mwenyewe kwa ami yake.

"Umekuja kunizika?" Taoufik aliuliza bila kuinua kichwa. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nimekuja kukunyang'anya kazi na kukupa kazi, Ami. Sikiliza zote mbili ndipo unitukane."

"Sema."

"Vipeperushi vya kila mwezi tutachapa sisi. Kitabu kikubwa ni chako, na kukunja kote ni kwako."

Mzee alifuta wino vidoleni polepole.

"Baba yako angekuja kuniambia hivi ana kwa ana?"

"Angemtuma mtu."

Taoufik aliguna, kisha kicheko kikamshinda.

"Bei ya kukunja itapanda."

"Tutabishana."

"Basi vuta kiti, binti yangu. Nami siwezi kubishana na mtu aliyesimama kama karani wa kodi."

Dorra alivuta kiti, akakaa.