Chupa Tatu na Moyo wa Nakijwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mlangoni mwa moyo wa binti yangu Nakijwa, ambaye homa imemlaza wodini wiki ya tatu sasa. Madaktari wanahisi wadudu wameshika vali, yaani milango ya moyo, ila damu waliyoiotesha kwenye chupa ili wadudu wakue waonekane haikutoa kitu.

Mlango ulikuwa na mapazia matatu meupe, laini kama utando wa maziwa. Kwenye pindo moja kulikuwa kumeganda kitu mfano wa ukoko wa ugali. Nikainama nikwangue.

"Usiguse, bibi," mlango ukasema. "Kikibanduka kipande kitampanda kichwani."

Nikauliza basi atatibiwaje. Ukanieleza, huku ukifunguka na kujifunga, kwamba ni sindano za mshipani, pengine wiki sita, bila kuruka siku. Lakini kwanza wadudu wajulikane ni wa aina gani.

Nataka kurudi nilikotoka. Mlango unakataa, unasema milango ya moyo hupitisha upande mmoja tu. Damu inanisukuma, natokea maabara.

Chupa tatu, zile zilizotiwa damu ya Nakijwa, zimekaa kwenye benchi, zimekunja mikono. Mikono haikunishangaza, nilishangaa kuona zimevaa sweta. Moja ikaniambia bila joto hakioti kitu.

"Ila mbegu ulizotuletea zilikuwa zimekaangwa," ikasema. "Nani alimpa mgonjwa dawa ya kuua wadudu kabla yetu?"

Nikajibu sijui. Zikatazamana.

"Mtu mzima ovyo," ikasema ile fupi. "Mwanao anaisha, wewe unaona haya."

Basi nikasema. Ni mimi. Vile vidonge vya rangi mbili, kumi na vinne, vilivyobaki mwaka jana nilipong'olewa jino. Nakijwa hapendi dawa, kwa hiyo nilivifungua nikamkorogea kwenye uji, asubuhi na jioni, wiki nzima kabla hatujaja hospitali. Daktari alipouliza sikusema, nikaogopa kugombezwa.

Chupa ikanipa kalamu, ikasema niandike.

Nilipoamka kumeshapambazuka. Nesi alikuwa anamtoa Nakijwa damu upya, mkono huu na ule. Nikauliza kulikoni. Akasema daktari ameagiza hivyo baada ya kusoma faili, akanionyesha. Chini ya ukurasa pameandikwa: rangi mbili, 14, kwenye uji. Mwandiko ni wangu, na kidole changu kina wino.

Nakijwa akalisoma akiwa amelala, polepole.

"Kumbe ule uji, mama," akasema.