Pindo la Mama

Pindo la gauni la mama lilikuwa linafagia sakafu tena. Alisimama mbele ya kioo cha chumba changu cha kushonea, mkono mmoja ameuegemeza kwenye cherehani, akacheka.

"We Twiga, hili umenishonea mimi au marehemu baba yako?"

Jina la Twiga nilibandikwa utotoni. Nilirefuka kama baba, na mama, aliyenifikia begani, alizoea kuwaambia wageni kwamba aliniokota.

"Nimekosea kukata," nilisema, nikapiga magoti, midomo imebana pini.

Sikumpima. Mteja wa siku nyingi hapimwi upya. Ukurasa wake umo daftarini, unafungua, unakata. Kazi nilijifundisha mwenyewe, na utaratibu huo niliuonea fahari. Kila mwaka gauni la mama lilizidi kidogo, nami kila mwaka nilikunja pindo na kuulaumu mkasi. Miaka sita. Haikunijia hata mara moja kwamba daftari lilikuwa sahihi, na kilichokuwa kikipungua ni mama.

Halafu akajikwaa kwenye kizingiti cha jikoni. Kujikwaa tu, kwa namna ambayo mtu hujikwaa na kusonya. Nyonga ikavunjika.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniuliza kama kimo cha mama kimepungua miaka ya karibuni.

"Sentimita saba," nikajibu.

Akainua macho. "Umejuaje kwa uhakika hivyo?"

"Nimezikunja mwenyewe."

Akaiandika namba hiyo kwenye faili. Kisha akaniuliza kuhusu bibi, na mama zangu wadogo, nani alipinda mgongo, nani alivunjika nini. Nilipomaliza kuwahesabu, vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimekwisha.

"Na wewe upimwe mifupa," akasema.

"Mimi? Mimi nimetoka upande wa baba, daktari. Si unaniona?" Nikasimama wima ili anione vizuri. Hadi leo nikikumbuka kusimama kule naona aibu.

"Urefu haurithiwi kama nyumba, ukakabidhiwa funguo na mtu mmoja," alisema. "Vinasaba vyake ni vingi mno, na kila kimoja kinachangia kidogo tu. Vingine vya baba, vingine vya mama. Na vinavyokurefusha si lazima viwe vinavyoukaza mfupa. Unaweza kuwa na kimo cha baba yako, na mifupa ya mama yako."

Wiki mbili nilizosubiri kipimo, niliishi mwilini mwangu kama mpangaji anayeogopa paa litaanguka. Nilikaa kitini kwa awamu. Chafya ikinijia, nilishika meza kwanza. Mteja aliniomba nipande kwenye kigoda nimteremshie kitambaa cha juu, nikamwambia kimeshauzwa.

Siku ya kipimo binti yangu alinisindikiza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amenizidi urefu, mchezaji wa mpira wa wavu. Nilimwambia ni uchunguzi wa kawaida. Akabaki kwenye benchi la nje.

Nililala chali. Mkono wa mashine ulinipitia taratibu juu ya kiuno, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mifupa yako imeanza kuwa myepesi," daktari alisema baadaye, karatasi mkononi. "Haijafika ya mama yako. Dawa zipo, na tumewahi. Una mtoto?"

"Binti."

"Huenda amerithi, huenda hakurithi. Lakini umri wake ndio wa kujenga mfupa. Aendelee kucheza, ale vizuri, na ajue. Mwambie mapema, asije akajua kwa kuvunjika."

Nilitoka. Binti akaruka kutoka kwenye benchi.

"Enhe, wamesemaje?"

"Tutoke nje kwanza."

"Mama, usinitishe bwana."

Alitangulia. Palikuwa na ngazi za saruji, nane au tisa. Alizishuka mbili mbili, na tatu za mwisho akazivuka kwa kuruka, mkoba ukimpiga mgongoni. Nilisikia viatu vyake vikigonga chini. Nikasimama pale juu, pumzi nimeibana, nikisikiliza kama kuna sauti nyingine, ya mfupa.

Akageuka, mkono kiunoni, uso haucheki tena.

Nikashika reli, nikaanza kushuka kumfuata, ngazi moja, kisha nyingine, nikitafuta neno la kuanzia.